Chumba cha Nyuma Kina Mtu

Tangu akiwa mchanga walimwita Babu. Alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, na mkunga alipomkabidhi kwa mama yake alisema, "Haya, pokea mzee wako." Jina likamganda. Mikunjo ilinyooka, akakua, akawa kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo, lakini hata walimu shuleni walimwita Babu, naye akaitika. Kuitika ndiko alikokuweza kuliko yote. Ukimwambia njoo, anakuja. Ukimwambia shika hapa, anashika. Mama yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule barazani kwao, alizoea kuwaambia wateja kwamba mtoto huyu hana ubishi hata kidogo. Alilisema kwa fahari, na Babu aliyekuwa akishona vifungo pembeni alilisikia kwa fahari vilevile.

Alipomaliza shule baba yake alikuwa ameshafariki, na mwenye sauti katika ukoo alikuwa mjomba. Mjomba akasema umeme. Babu akaenda chuo cha ufundi, akasoma waya na swichi, akafaulu bila kung'ara, akaajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akijenga maghorofa. Siku moja yuko juu ya ngazi, mwenzake akawasha swichi kuu bila kuuliza. Umeme ukamrusha Babu chini, akaangukia rundo la mchanga. Hakuvunjika hata kidole. Watu walicheka, naye akajikung'uta akacheka nao. Lakini tangu hapo, kila akishika waya mikono inatetemeka, hata waya ukiwa mpya, bado umo kwenye nailoni ya dukani. Akavumilia, akawa anaficha mikono mfukoni. Mwishowe msimamizi akamvuta kando.

"Babu, wewe kijana mzuri," akamwambia taratibu. "Nenda nyumbani. Usije ukanifia hapa kwa ajili ya adabu zako."

Mama hakumlaumu. Alimkunjia nguo zake, akamtilia na kitambaa cha mfukoni alichokipinda mwenyewe, na Babu akaenda mji mwingine ambako rafiki yake wa chuo alikuwa amemtafutia kazi ya udobi hotelini.

Huko alikaa vizuri. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, mashine zinanguruma kutwa, mvuke unakubandika shati mgongoni. Alipangwa kwenye mashuka pamoja na mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi. Shuka likitoka kwenye pasi, la moto, limenyooka, huyu anashika ncha hizi na yule anashika zile, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena, mpaka shuka linakuwa dogo kama kitabu. Miaka ya baadaye, alipokuwa akijiuliza kama aliwahi kuwa na raha mahali popote, kilichomjia ni chumba kile. Wakati ule hakujua. Alidhani ni kazi tu.

Meneja alimwona alivyo msafi na mpole, akampandisha cheo, akampeleka mapokezi. Babu angeweza kukataa. Akavaa tai. Akaambiwa ajifunze kutabasamu mbele ya kioo, naye akajifunza kwa bidii, kila asubuhi kabla ya zamu. Wageni wakawa wanauliza kwa sauti ya chini kama hotelini kuna msiba. Haukupita muda akaachishwa, na alipoulizia nafasi yake ya udobi, ilikuwa na mtu.

Baada ya hapo mambo yakaenda mrama polepole, kiasi kwamba hakuna siku ambayo angeweza kuinyooshea kidole. Aliuza simu. Alibeba saruji. Alikatisha tiketi za mabasi. Alihama kufuata kazi, akahama kufuata rafiki, akahama kwa sababu mwenye nyumba alitaka kumwingiza mpwa wake. Kila kazi aliiacha kimya kimya au ilimwacha yeye. Jumapili alimpigia mama yake simu, na kila Jumapili alisema niko vizuri, mama, wala usiwe na wasiwasi. Siku moja, ili kumfurahisha, akamwambia amepata nyumba nzuri ya vyumba viwili, maji yako ndani. Wakati huo alikuwa analala kwenye stoo ya duka.

Katika kuhamahama huko akampata msichana mmoja aliyefanya kazi kwenye duka la miwani, jirani na duka alikouza simu. Alikuwa mchangamfu, mwenye maamuzi, na alimpenda Babu kwa utulivu wake. Wakienda kula, anauliza tule nini, Babu anasema chochote. Wakienda kutembea, twende wapi, popote. Mwanzoni msichana alicheka na kumwambia kwamba amepata mwanamume wa bei nafuu. Ila jioni moja, wakiwa wanakunywa chai mgahawani, aliuliza wataishi wapi wakioana.

"Popote utakapopenda," Babu akasema.

"Watoto je?"

"Wewe ukitaka, sawa."

Msichana akaweka kikombe chini. "Sikuulizi ninachotaka mimi. Mimi najijua. Nakuuliza wewe, Babu. Unataka nini?"

Babu akafungua kinywa. Akatafuta ndani yake kama mtu anayejipapasa mifuko mlangoni akitafuta ufunguo, kwanza bila haraka, halafu kwa hofu. Hakukuta kitu. Akasema ukweli, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusema. "Sijui."

"Muda wote huu nilidhani kuna kitu unanificha," msichana akasema. "Nikawa navumilia, nasema siku moja atanionyesha. Kumbe hakuna kitu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Babu angeweza kuisahau. Alisema kwa huruma, akamlipia chai, na hawakuonana tena.

Maneno hayo yalimlaza kitandani. Hakuumwa homa wala kichwa. Alilala tu anatazama dari, na asubuhi ikifika miguu inakataa kushuka. Kazini wakamtafuta, wakachoka. Alijiona kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya watu wengine, ambayo haimkai mtu yeyote. Na katika kulala huko, siku moja, likamjia jambo dogo. Alitaka kurudi nyumbani. Alitaka kulala kwenye kitanda chake, katika chumba cha nyuma, asikie cherehani ya mama yake ikienda upande wa pili wa ukuta. Hakushauriwa na mtu. Alikaa kitako, akalirudia wazo hilo, akaona bado analitaka. Akafunga virago siku hiyohiyo, na njia nzima alikuwa kama amebeba yai mkononi.

Alifika mchana. Mama alikuwa barazani, amekonda kuliko alivyomkumbuka, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipomwona aliacha kitambaa kikadondoka, akamshika uso kwa mikono miwili. "Mwanangu. Jamani, mwanangu." Wakaulizana hali, wakajibiana uongo kidogo, na Babu akachukua begi lake akaelekea nyuma. Mlango ulikuwa na kufuli jipya.

"Mama, mbona pamefungwa?"

Mama alikuwa ameinama anaokota kitambaa. "Hapo pana mtu," akasema. "Kijana mmoja, fundi bomba. Nimempangisha."

Babu akabaki amesimama na begi.

"Nilitaka kukuambia kwenye simu," mama akaendelea. "Lakini kila nikianza, unaniambia uko vizuri, una nyumba ya vyumba viwili. Nikasema basi, mwanangu ana kwake, hiki hana haja nacho tena."

"Hali ilikuwa ngumu?"

"Si kwa sababu ya kodi." Mama akatikisa kichwa. "Nilichoka kula peke yangu, Babu. Nasikia kijiko changu mwenyewe."

Jioni fundi bomba akarudi kutoka kazini, kijana mnene anayepiga mluzi, mabuti yake akayavua nje bila kuambiwa. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Babu alilisikia neno hilo, mwanangu, likipita hapo sebuleni kama kitu cha kila siku. Walipotambulishwa, fundi alimpa mkono kwa furaha ya kweli. "Ndiye Babu mwenyewe? Mama hana wimbo mwingine nyumba hii." Kisha akaliona begi kwenye kochi, akaelewa, uso ukambadilika. "Kaka, chumba ni chako. Nipe muda kidogo tu, nitatafuta pengine."

Babu akamgeukia mama yake. Alikuwa anapakua chakula, na mkono wenye mwiko ulikuwa umesimama hewani. Hakumtazama yeyote kati yao. Alisubiri tu.

"Wala usihangaike," Babu akasema. "Mimi napita tu."

Mwiko ukaendelea. Mama akashusha pumzi, kidogo sana, na hakujua kwamba imesikika.

Alilala kwenye kochi, miguu ikining'inia nje. Siku zilizofuata aliona mengi. Mama alikuwa na presha, na fundi bomba ndiye aliyejua vidonge vipi vinamezwa asubuhi na vipi baada ya kula. Ndiye aliyempeleka kliniki. Babu alipouliza presha imeanza lini, mama akapunga mkono.

"Mambo ya utu uzima hayo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ukafanye nini, huko mbali?" Hakumaanisha ubaya. Kisha fundi akasema neno la utani kutoka jikoni, na mama akacheka mpaka akafuta machozi, na Babu hakukumbuka kama yeye aliwahi kumchekesha hivyo. Alijaribu kumchukia yule kijana, akashindwa. Hakukuta hata pa kuanzia. Akajaribu kusaidia kushona vifungo, lakini siku hizi vifungo vilishonwa na binti wa jirani.

Mwishowe akamwambia mama yake kwamba ameitwa kazini. Hakuna aliyemwita. Mama alisikitika kweli, akamkunjia nguo, na walipofika njiani akamtolea simu yake. "Andika namba ya huyu mwanangu. Ukinipigia usinipate, mpigie yeye."

Babu akaandika.

Sasa yuko mji mwingine tena, kwenye ghala la magodoro, anapakia na kupakua. Amepanga chumba kimoja ambacho jua halifiki. Wenzake wanampenda kwa sababu hagombani. Kile alichokitaka alishakijua, na kilikuwa na mtu, na tangu hapo hakijamjia kingine. Akijipapasa, ni palepale patupu.

Jumapili moja alipiga, mama hakupatikana, akapiga ile namba ya pili. Fundi bomba akamwambia mama amelala, hali yake nzuri, amemeza dawa.

"Na wewe, kaka? Uko vizuri?"

Babu alikuwa nje ya ghala, amejiegemeza ukutani. "Siko vizuri," akasema.

"Pole, kaka. Nimwambie mama akiamka?"

"Usimwambie."

"Basi. Simwambii."

Wakaagana. Lori lilikuwa limeshafika mlangoni na turubai limefunguliwa. Babu akatia simu mfukoni, akaenda kupakua.