Cheti cha Mlezi Bora

Nimejiaibisha mara nyingi maishani, lakini hizo nyingine nilijiaibisha mbele ya watu wawili watatu zikapita. Hii ya mji wa Mweiga nilijiaibisha nikiwa na maiki mkononi, mbele ya ukumbi mzima wa kanisa, na hadi leo kuna karatasi kwenye ukuta wa nyumba moja kule yenye sahihi yangu ya kuthibitisha. Kwa hivyo mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nimejicheka hadi nikachoka.

Nilikuwa mtafiti msaidizi kwenye mradi wa kuchunguza ugonjwa wa kusahau uzeeni, ule unaomfanya mtu apotee kwake mwenyewe. Mimi ni wa Bungoma, Mweiga nilikuwa na miezi miwili tu, Kigikuyu changu kilikuwa salamu na bei ya viazi, ila nilikuwa na shahada, nilikuwa na kishikwambi cha mradi, na nilikuwa na fulana iliyoandikwa mgongoni "Sauti ya Mlezi Kwanza" (hayo maneno yalikuwa mgongoni, labda ndiyo maana sikuwahi kuyasoma).

Sasa pale kuna kikundi cha wanawake wanaolea wazee wao nyumbani, na mwenyekiti wao ni Mama Wambui, mama mmoja mpole anayekuangalia mpaka unajikagua vifungo. Akaniambia, "Madam, hayo maswali yako tuletee Alhamisi tukae nayo. Sisi ndio tunaishi na hao wazee. Tutakuonyesha gani iko sawa na gani itakuletea shida."

Mimi nikapiga hesabu ya Alhamisi: maombi ya kufungua, chai, kila mtu ajitambulishe, chai tena, maombi ya kufunga. Nikamwambia, "Mama, maswali yameshapitishwa na wakubwa Nairobi." Akasema, "Sawa." Mama Wambui akisema sawa kwa sauti ile, ujue hakuna kilicho sawa. Lakini mimi nani aniambie, nikashika njia na kishikwambi changu, na shida zote zilianzia hapo, kwa Alhamisi moja niliyoionea uvivu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee na mkewe, Guka na Shosho, ndivyo kila mtu huku anavyowaita babu na nyanya. Guka alinipokea kama waziri. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi, kiti akanifutia mwenyewe, akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Bungoma, akasema Bungoma ni kuzuri, kuna mahindi. Shosho yeye alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kimemlegea kichwani, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba, macho mekundu kama mtu asiyelala. Nikajiambia, mgonjwa nimeshamjua. (Dakika moja tu. Madaktari husoma miaka mingapi vile?)

Nikaanza na yeye. "Shosho, una watoto wangapi?"

Akanikazia macho. "Watoto hawahesabiwi kama debe za viazi. Ni wale Mungu alinipa."

Nikaandika: hajui idadi ya watoto wake.

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Tarehe ni ya watu wa mshahara. Mimi najua ni siku ya dawa ya ng'ombe."

Nikaandika: hajui tarehe. Hapo akaingia mama wa miaka arubaini na kitu amebeba maziwa, Nyambura, binti yao. Nikauliza, "Na huyu ni nani?" Shosho akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Huyu ni mama yangu." Nikaandika haraka haraka kwa furaha: hamtambui mwanawe wa kumzaa. Na ufunguo je, wa nini shingoni? "Wa geti," akasema, "na usiseme kwa nguvu." Nikaandika: anaficha vitu, ana shuku.

Nikamgeukia Guka. Watoto? "Wote wazima, Mungu ni mwema." Leo ni siku gani? "Ni siku njema, tumepata mgeni." Nikacheka nikampa alama zote. Akaniuliza tena kwetu ni wapi, nikasema Bungoma, akasema Bungoma ni kuzuri, kuna mahindi. Akaniuliza mara ya tatu nikiwa nafunga begi, na mimi nikaona moyoni huyu mzee amenipenda sana.

Shosho akanisindikiza mpaka karibu na jikoni. Akaninong'oneza, "Msichana wangu, ingia hapa kidogo. Kuna kitu siwezi kusema mbele yake. Watoto wangu hawaniamini, wanasema namsingizia."

Jikoni kulikuwa na moshi. Nilikuwa na viatu vyeupe. Nikamwambia, "Shosho, pumzika, tutakusaidia," kwa ile sauti ya polepole ya kuwaongelesha watoto, na nikaenda. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, mimi hata mlangoni mwa chumba sikufika, na ripoti nikaandika.

Ripoti ikampendeza mkubwa wetu, daktari kutoka Nairobi. Mume anayelea mkewe ni nadra, akasema, hii ni ya kuonyesha watu. Kwa hivyo siku ya kurudisha matokeo kwa jamii nikachapisha cheti chenye ukingo wa dhahabu, "Mlezi Bora", na jina la Guka katikati, na chini yake sahihi mbili, ya daktari na yangu. Ukumbi ukapambwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki, wageni wa heshima meza ya mbele na chupa za maji, na wale walezi wenyewe tukawapanga nyuma karibu na masufuria.

Nikasimama nikasoma kisa. Jina la Shosho sikulitaja, maana siri ya mgonjwa ni siri (tulisomeshwa wiki nzima kuhusu siri ya mgonjwa). Nilisema tu ni mke wa huyu mzee aliyeketi hapa mbele. Nikaendelea: hajui ana watoto wangapi, hajui tarehe, binti yake mwenyewe anamwita mama.

Nilitarajia makofi. Nyuma kule mtu akacheka puani.

Akainuka mtoto wao wa kwanza, Gitonga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kutus. "Mmesikia? Mimi nimesema mwaka mzima, baba hana shida, ni mama. Anafungia baba geti kama mbuzi. Leo naenda na mama Kutus akakae na sisi. Baba atabaki, si mmesema yuko sawa?"

Shosho alikuwa nyuma, koti la mumewe limekunjwa mapajani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilimwambia huyu msichana aingie jikoni."

Mama Wambui akasimama. "Madam, Nyambura alipewa jina la nani?" Akajijibu mwenyewe: "Alipewa la mama yake Shosho. Sasa amwite nani? Hapa ndani, nani huita msichana wake mama?" Mikono ikapanda ukumbi mzima, hata ya mchungaji. "Na nani atahesabu watoto wake mbele ya mgeni?" Hakuna mkono ulioinuka. "Haya yote ungeyajua Alhamisi, na chai ungekunywa."

Mtu mwenye akili angeketi hapo. Lakini nilikuwa na shahada, na daktari alikuwa ananitazama, nikajitia hamnazo nikasema, "Basi mwenyewe tumsikie, mlezi wetu bora," nikamkabidhi Guka cheti na maiki.

Guka alisimama vizuri. Akawasalimia wachungaji, akawasalimia wazee, akashukuru Mungu kwa mvua, na nikamtupia Mama Wambui jicho la ushindi. Kisha akawasalimia wachungaji, akawasalimia wazee, akashukuru Mungu kwa mvua. Mara ya tatu, kikohozi kikaanza huku na huku. Akayaangalia maua, akakiangalia kitambaa cheupe, akanigeukia mimi akauliza kwa adabu kabisa, "Bibi harusi amechelewa wapi?"

Watu wawili walicheka wakaacha. Mzee alianza kugeuka geuka, anatafuta uso anaoujua, na tukawa tunasikia pumzi yake kwenye spika. Gitonga alikuwa hatua tatu kutoka kwake, na Guka alimpita kwa macho kama anavyopita nguzo.

Shosho akaja kutoka nyuma, polepole, akamvisha koti, akamfunga kifungo cha juu. "Bibi harusi ameshaenda," akamwambia. "Twende nyumbani, Baba Gitonga." Na Guka akaenda, ameshika mkono wa mkewe huku na cheti changu kule. Gitonga aliketi, akafunika uso kwa kofia. Mimi nilibaki mbele nimeshika ripoti yangu inayosema mgonjwa ni mlezi na mlezi ni mgonjwa, na daktari alikuwa anasoma lebo ya chupa ya maji kana kwamba ni Biblia.

Nilienda kuomba msamaha wiki iliyofuata, na safari hii niliingia jikoni. Shosho alinipa kisu na karai la viazi. Tukimenya akaniambia geti hulifunga kwa sababu Guka hutoka usiku akapotea, kisha akasema, "Sasa mimi ndio nauliza. Wewe umewahi kulea nani?"

Nikasema, "Hakuna, Shosho."

"Basi andika hivyo juu kabisa kwa karatasi yako, halafu ndio uanze kuuliza watu."

Siku hizi Gitonga huja kila Jumamosi kukaa na babake, na Shosho huenda soko la Karatina, mahali ambapo hakuwa amekanyaga miaka mitatu. Na mimi nimeapa: swali langu lolote litapita kwanza Alhamisi kwa kikundi, na chai ninakunywa vikombe vyote ninavyowekewa. Wiki iliyopita walifuta kurasa mbili na Mama Wambui akasema sawa, ile sawa ya kweli.

Kile cheti nilitaka kukirudisha tuandike jina linalostahili. Shosho alikataa, akasema Guka anakipenda, kila asubuhi anakisoma upya na anafurahi. Kwa hivyo kila nikifika pale mzee ananifutia kiti, ananiuliza kwetu ni wapi, kisha ananishika mkono ananipeleka ukutani kunionyesha kuwa yeye ni Mlezi Bora. Shosho huacha anachofanya akaja kusimama mlangoni kunitazama. Nami nasoma kwa sauti, mpaka chini kwenye sahihi yangu, na kumpongeza.