Sinia ya Jirani

Jirani wa Umulkheir hapigi hodi kwa sauti. Hugonga mlango kwa pete yake, mara tatu, kisha akangoja ameinamisha uso. Mikono yake hunukia udi, na husema polepole kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Huleta sinia yenye mikate mitano ya mofa: mmoja wa Umulkheir, mmoja wa mumewe, mitatu ya watoto, wala hajakosea hesabu hata siku moja. Ila wema wake hutangulia. Uji wa mgonjwa aliuleta asubuhi, homa ya mtoto ikapanda alasiri. Nguo za kitinda mimba alizishona kabla Umulkheir mwenyewe hajajijua kuwa ana mimba.

Leo sinia imefunikwa kawa. "Yeo usiwashe moto, mwanangu," akasema, kama waambiwavyo wafiwa, ambao majirani huwapikia siku tatu. Umulkheir akafunua. Mikate minne. Watoto wote watatu alikuwa akiwasikia wakicheza uani. Mumewe alipanda boti ya Mtangawanda tangu asubuhi. Akaikimbilia simu, lakini ile mikono ya udi ikamshika taratibu, kwa huruma.

"Watakupigia wao. Wewe kula."