Taa ya Chumba cha Kujifungulia

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya kijiji kimoja nje ya Usinge, nilimkuta muuguzi mmoja tu, mama wa makamo aliyekuwa ameishikilia peke yake kwa miaka. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Chumba cha kujifungulia hakikuwa na umeme. Tulizalisha kwa mwanga wa tochi aliyoing'ata mmoja wetu kwa meno, na godoro lilikuwa limechakaa hadi mzazi anahisi vyuma mgongoni. Mama alikuwa ameomba wilayani mpaka akachoka kuomba.

Kiangazi kimoja akaja kijana kutoka Tabora mjini, mtu wa kampuni ya dawa. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akamwamkia mama shikamoo, akaketi kwenye benchi la wagonjwa na kuuliza tunakosa nini. Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Mama akamwonyesha kile chumba. Safari iliyofuata alileta paneli ya sola, taa, na godoro jipya likiwa bado na nailoni yake.

"Sihitaji kitu, mama," alisema. "Mkipata mgonjwa wa presha, mtukumbuke tu."

Dawa yao ya presha iliuzwa kwenye duka la dawa pale senta ya kijiji. Sisi tulikuwa na vidonge vya serikali vya dawa ileile, ila pakiti yake haikuwa na urembo wowote. Mama akaanza kuwaambia wagonjwa, "Hivi vyetu vinasaidia, lakini ukijaliwa, nunua vile vya dukani. Vile ndivyo hasa."

Siku moja nilimuuliza, "Mama, si ni dawa ileile?"

"Najua," alijibu, akiendelea kukunja mashuka. "Na wewe unajua tulikuwa tunazalishaje."

Jirani yangu, mzee mkulima wa tumbaku, alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Alipouza tumbaku yake alinunua vile vya dukani, akawa anameza kila asubuhi bila kukosa. Kufika masika fedha zikamwishia. Nikampelekea vya kwetu nyumbani.

"Hivyo si dawa, binti yangu," aliniambia kwa upole. "Sista mkubwa mwenyewe alisema."

Nilikaa naye mpaka jua likawa kali, nikieleza kwa kila namna niliyoijua. Alinisikiliza, akanishukuru, akanirudishia pakiti mkononi. Kabla ya msimu wa kuvuna alianguka shambani. Upande wa kulia ukapooza, na maneno yakawa hayatoki.

Mama alikwenda kumwona, nami nikamfuata. Aliketi karibu na mkeka wake, akasema mbele ya watu wote wa nyumba ile kwamba vidonge ni vilevile, vya zahanati na vya dukani. Mke wa mzee alikuwa akimfuta mumewe mate.

"Kama ni vilevile," aliuliza, "mbona ulituambia vingine?"

Mama aliinuka, akaaga. Mwaka uliofuata alistaafu akahamia kwa mwanawe huko Ipuli, Tabora mjini, na nikimpigia simu huniuliza habari za mvua tu.

Mzee hakumaliza mwaka. Yule kijana alikuwa ameacha kuja zamani. Nilisikia kampuni imempangia mkoa mwingine, na dawa yao haikuonekana tena dukani. Mimi ndiye niliyebaki na zahanati.

Sasa mjane wa mzee naye ana presha. Huja siku ya kliniki, hunipa mkono nipime, hupokea vidonge kwa mikono miwili na kuvifunga kwenye ncha ya khanga. Juzi nilipita kwake kumjulia hali. Pakiti zote nilizompa zilikuwa juu ya ukuta, chini ya paa, hata moja haijafunguliwa.

"Usihangaike, sista," alisema aliponiona nikiziangalia. "Tukiuza tumbaku nitanunua zile za kweli."