Bata Waliomjua Mwindaji

Juzi sokoni Kariakoo nilimkuta mwindaji mmoja wa Ruvu, ambaye kwa miaka mingi ametuletea bata maji. Safari hii alileta mchicha wa shamba la kijiji. Mama mmoja, mteja wake wa siku zote, akamuuliza, "Bata wako wapi, ndugu?"

"Wapo bwawani, dada. Ila wamenijua." Akajigusa kifuani. "Zamani nilikuwa nawanyemelea mpaka karibu. Sasa wanashinda katikati ya maji, wanakuja ukingoni kula giza likishaingia. Mke wangu anachota maji kando yao, wala hawashtuki. Majuzi nikamfuata bila bunduki, nimsaidie ndoo tu. Wakaruka wote."

"Mkeo akasemaje?"

"Akaniambia nirudi nyumbani, nawatisha." Akainama, akapanga mafungu yaliyokwisha kupangwa. "Bunduki nimeiacha, dada. Kukimbiwa kunauma."

Yule mama alinunua mchicha, na hakubishana bei.

Nimemfikiria sana mtu yule. Maofisini kwetu wapo wakubwa ambao wakiingia tu mlangoni, mazungumzo yote hukatika. Nao huvuta kiti, wakakaa, wakidhani hiyo ni heshima.