Namkohoza Aliyevunja Mbavu za Baba

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, naishi Uvira karibu na ziwa. Uhuru wa mwaka wa sitini ulinikuta darasa la tatu, uasi wa sitini na nne ukanikuta najiandaa kuingia sekondari. Nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu, maana mtaani wananisifu kwa jambo wasilolijua vizuri.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wakati wa uasi, vijana wenye bunduki walikuja kuchukua taa yake ya kuvulia. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, mtu aliyekula kwetu mara nyingi. Baba alipokataa, jirani alicheka, akamwambia, "Muzee, leo tutahesabu mbavu zako," akampiga ubavuni kwa kitako cha bunduki. Akarudia.

Watu walimfunga baba kifua kwa kitenge, wakakaza sana, wakamkataza kukohoa. Ndivyo tunavyofanya huku. Kifua kikajaa, homa ikapanda, tukambeba hadi hospitali ya misheni. Sista muuguzi wa pale alikifungua kile kitenge kwa hasira. Akanifundisha kumkandamizia baba blanketi lililokunjwa ubavuni, nimwamuru avute pumzi ndefu na akohoe, hata akilia, maana makohozi yakibaki kifuani yanaua. Baba alipona, lakini mama aliuza cherehani yake kulipia dawa, na shule yangu ikaishia hapo. Mbavu ziliunga vibaya. Hawezi tena kuvuta kasia, na kwetu asiyevuta kasia hapewi fungu la samaki. Hata tukimchekesha nyumbani, anashika ubavu na kutuomba tuache.

Vita vilipotulia jirani alirudi, akasamehewa na serikali. Mwenye mtumbwi akampa nafasi ya baba. Kila asubuhi alipita mbele yetu na fungu lake la ndagala, akiniuliza, "Dada, muzee iko?" Nilimwomba Mungu siku yake ifike.

Ikafika. Aliteleza wakishusha mtumbwi, akaangukia ukingo wake kwa ubavu. Naye akafungwa kitenge, akalazwa kimya. Mke wake akaja kwetu: "Mama, iko anapumua kidogo tu. Binti yako alichungaka baba yake. Naomba aje." Baba alisema niende.

Nilikwenda, ila si kwa huruma. Nilifungua kitenge, nikakunja blanketi, nikamkandamiza na kumwambia akohoe. Alilia kama mtoto mchanga, na moyoni nilifurahi kuliko siku ya Pasaka. Tangu hapo nakwenda kila jioni. Najua kwamba ninachomfanyia ndiyo dawa, lakini ninachokifuata pale ni kile kilio. Juzi aliniuliza kwa sauti ndogo, "Weye, unanichukiaka?"

Nilimjibu, "Kohoa."

Sasa homa aliyokuwa nayo imeshuka. Mke wake ananiita malaika, na padri amenitaja kanisani. Akipona atarudi kushika kasia la baba, nami nitabaki nje ya shule. Nikimwambia tu apumzike, asikohoe tena, hakuna atakayejua kilichomuua. Maneno hayo ninayo mdomoni kila nikiingia kwake. Na bado natumaini siku moja nitasoma niwe muuguzi kama yule sista, ndiyo maana naiogopa mikono yangu.

Ninyi wenye mioyo iliyotulia, niambieni kabla hajasimama: nimkohoze mpaka apone, au nimwache alale?