Sauti Iliyofika Bila Kukatika

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Nerima Wakoli ameinama juu ya paa la mabati, Mukuru kwa Njenga, akikaza waya wa intaneti uliolegezwa na upepo. Chini mlangoni, mteja wake Truphena Aluoch amempakata mtoto wake mchanga, Mitchelle, simu mkononi. Leo mama yake Truphena anazikwa Ugenya.

Truphena hawezi kusafiri. Jeraha la upasuaji wa uzazi bado bichi. Lakini yeye ndiye kifungua mimba, na anataka neno lake la kwaheri lisikike kaburini.

Wanajaribu simu ya video. Sauti inakatika. "Ati unasema?" anauliza mdogo wake, Austine, kutoka nyumbani Ugenya.

Nerima anashuka. "Mama Mitchelle, waya wako uko sawa. Network ya ocha, huko kwenu Ugenya, ndiyo mbaya. Rekodi maneno yako, tumtumie Austine."

"Zii! Nirekodi kama tangazo? Nataka kuongea nikiwa nao."

Mfiwa habishiwi kwa ukali. Nerima anavuta ndoo, anaketi.

"Simu ya video haingoji," anaeleza. "Kipande cha sauti kikipotea njiani kinaachwa, ndio maongezi yasonge. Rekodi ni tofauti. Kwanza mashine zinajuliana hali: uko? Niko, nawe uko? Niko. Kisha inakatwa vipande, kila kimoja na namba yake. Kikifika, kinaitikiwa. Pakiwa kimya, kinatumwa tena. Ni kama kurushiana matofali kwa mjengo. Mwenzako asipoitika, unajua halijafika."

Truphena anamkabidhi Nerima mtoto, anaingia ndani na kufunga mlango.

Rekodi inajikokota hadi inafika. Adhuhuri, Austine anaicheza kwenye spika, simu ya video ikiwa wazi. Picha inaganda, vilio vinakuja nusunusu. Baadaye anaandika: "Wamekuskia yote. Hata mzee wetu amelia."

Truphena anaegemea mlango na kulia, wala hakuna anayemnyamazisha.

Nerima anafunga mkoba wa vifaa polepole. Yeye pia alimzika babake kwa simu, wakati wa korona, kabla hajajifunza kazi hii. Jeneza lilipokuwa likishushwa huko Bungoma, sauti ilikatika.

"Niliona midomo tu ikiimba," anamwambia Truphena. " Sijawahi kuuliza ni wimbo gani. Naogopa mama atalia."

Desemba hii anapanga kwenda nyumbani, aketi na mamake jikoni.

"Nitamwambia, 'Mama, kuna kipande hakikunifikia. Niimbie tena.'"