Chuma Nilikitengeneza Mie, Lawama Akabeba Mtani Wangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanionea huruma halafu akajuta. Jina langu Mhariri wa gazeti hili analijua, nami nimemwomba alifiche, ingawa watu wa Mtoni hawatafika nusu ya habari hii kabla hawajanitambua.

Mie ni fundi wa magari. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuwashikia wengine taa, na kwa kuwa nina mdomo, watu waliamini najua zaidi ya ninavyojua. Mdomo huo ndio ulionipatia kazi kwa Mzee Abeid, mfanyabiashara wa nazi, aliyekuwa na gari moja kuukuu la kupeleka nazi na abiria Kariakoo. Dereva wake alikuwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora.

Mie ni Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake Maganga alikuwa na ruhusa ya kunitukana mbele ya wakwe zangu na kuninywea chai yangu, nami nisinune. Kila asubuhi alinikuta chini ya gari, akanigonga nyayo kwa mguu wake. "We Mzaramo, toka huko. Nyie mkiokota embe moja mnaliitia ngoma."

Nami namjibu, "Ngoja nikutafutie mzigo ubebe kichwani, naona shingo imeshaanza kukuwasha."

Siku ikipita bila matusi ya Maganga, nilikuwa naona kama sijala.

Basi, lile gari likaanza kutikisa makalio. Ukikata kona, mbele kunakwenda kwako, nyuma kunakwenda kwa jirani. Nikaingia chini, nikakuta kile chuma kinachotoka kwenye bodi na kuishika ekseli ya nyuma isiyumbe kulia na kushoto kimeliwa na kutu mpaka kimekatika. Kingine kilikuwa kiagizwe Ulaya, kije kwa meli, na nazi za Mzee Abeid zisingeisubiri meli.

Nikamwambia mzee, "Nitakitengeneza mwenyewe. Tena changu kitakuwa bora kuliko cha Wazungu, maana chao hakirefuki."

Hilo la kurefuka halikuwa uongo. Springi za gari lile zilikuwa zimelala kwa uzito wa nazi, na kipimo cha zamani kisingeikalisha tena ekseli katikati. Kwa hiyo nikatafuta bomba nene la chuma, nikalikata meno ya kusokotea kila mwisho, upande mmoja ya kulia, upande wa pili ya kushoto. Halafu nikasokotea ndani ya kila mwisho kipande chenye meno, cha kufungia kwenye gari. Ukilizungusha bomba, chuma chote kinarefuka au kinafupika papo hapo bila kukifungua. Ukipata kipimo unakaza nati huku na huku, kwisha.

Nilijiona mtu. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa karibu na gereji niliwalaza chini ya gari mmoja mmoja, na kanzu zao, wakione.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Wakati nalikata bomba nilikuwa nikiwahutubia hao wanywa kahawa, na kwa utamu wa maneno nikasahau kuongeza ile sehemu ambayo vipande vinaingia ndani. Bomba likatoka fupi. Ili lifike ilinibidi nivivute vile vipande nje, mpaka kimoja kikawa kimeshikwa na meno matatu tu ya mwisho. Fundi yeyote anajua kwamba meno matatu hayashiki ekseli. Hata mie nilijua.

Ningeweza kusema, "Jamani, bado, nimekosea kipimo." Maneno hayo yangenigharimu kicheko cha asubuhi moja. Lakini nilikwishajisifu mno. Nikakaza nati, na nati ikaficha kila kitu. Nikajiambia nitabadilisha wiki ijayo.

Maganga akaja, akainama, akakitazama. Akauliza kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Mtani, hiki kitashika? Maana mie ndiye nitakayekuwa juu yake."

Nikamjibu, "Kitashika kuliko meno yako."

Akacheka. Mie pia nikacheka. Hapo aliniuliza kama ndugu, nami nikajificha ndani ya utani. Hilo linanikera mpaka leo kuliko hata uongo uliofuata.

Gari likaenda, tena likaenda limenyooka. Mzee Abeid akanisifu barabara nzima ya Kilwa. Wiki ijayo ikaja, ikapita. Maganga naye akawa anawaambia wanywa kahawa, "Siku moja nitakilegeza hicho chuma, nimwone Mzaramo anavyolia." Watu wakacheka wakasahau.

Siku moja asubuhi, kwenye mteremko wa kuingia daraja la Mtoni, gurudumu likaangukia shimo. Meno yale matatu yakakatika, ekseli ikahama, tairi likang'ang'ania bodi, na gari likaiacha barabara likaingia kwenye bustani ya mchicha. Maganga aliushikilia usukani mpaka gari likasimama kabla ya mto. Asingekuwa yeye, leo ningekuwa naungama vifo vya watu. Mzee Abeid alikuwa nyuma pamoja na nazi zake. Moja ikampiga kipajini, na alipojaribu kujikinga mkono ukavunjika.

Nilifika mbio. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni kile chuma, hata hali ya mzee sikuiuliza. Nikakiokota kwenye matope kabla mtu hajakitazama vizuri.

"Fundi, ni nini hiki?" Mzee Abeid akauliza, ameushika mkono wake.

"Nati imelegea, mzee."

"Imelegea au imelegezwa?"

Angalieni jinsi mtu anavyopewa njia ya kutokea. Nikamtazama Maganga, nikasema, "Mzee, si mlimsikia wenyewe?"

Watu wote waliokimbilia pale, wanywa kahawa wakiwamo, wakaangua kicheko. Maganga mwenyewe alicheka kuliko wote, kwa sababu alidhani natania.

Mzee Abeid hakucheka. "Kweli, Maganga?"

"Mzee, huyu Mzaramo hata kuku wake akikataa kutaga atasema nimemshika mie." Wakacheka tena. Maskini, kila alivyokana ndivyo alivyozidi kuonekana anatania. Hakuwa na maneno mengine ya kusema juu yangu, maana miaka yote ile tulikuwa hatujasemezana mengine.

Akanigeukia, akasema polepole, "Basi, mtani. Mwambie mzee."

Nikainamisha kichwa, nikaanza kufuta matope kwenye chuma. Nilifuta muda mrefu. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kumkabidhi Mzee Abeid ufunguo.

Dereva aliyefukuzwa kwa kuchezea gari la tajiri wake haajiriwi na mwingine. Maganga akahamia Kinondoni kusukuma mkokoteni, mkewe na mtoto wakarudi Tabora. Mie nikatafuta bomba refu, nikatengeneza chuma cha pili. Hicho ni kizuri kwelikweli, kipo mpaka leo, na watu wananiita bingwa.

Baada ya miezi kadhaa nikamfuata Kinondoni. Nilijipanga njiani: nitamtukana, atanitukana, tutacheka, halafu nitamwambia. Nikamkuta ameegemea mkokoteni wake anapumzika. Nikapaza sauti, "We mbeba mizigo, nilikuambia shingo inakuwasha!"

Akainuka, akajifuta jasho, akanipa mkono. "Habari za siku nyingi, bwana. Nyumbani hawajambo?"

Nikasema hawajambo. Akamuulizia mama yangu. Nikasema anasumbuliwa na miguu. Akasema Mungu atamponya, akashika mkokoteni wake, akaniaga vizuri. Yale niliyokuja kuyasema nikarudi nayo Mtoni.

Mama hakupona. Alipofariki watu wa Kinondoni walipata habari, na Maganga akaja. Nilipomwona anaingia uani nilipata matumaini. Nyote mnajua kazi ya mtani msibani. Baba alipofariki, Maganga alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na tuliporudi uani akawa anaigiza baba alivyokuwa akikoroma, na mama, mjane wa siku ile ile, alicheka mpaka akashikwa mbavu. Ndivyo tulivyovuka siku ile.

Safari hii akavua viatu, akaketi mkekani na wageni. Akaitikia dua. Zamu yake ilipofika akanishika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, bwana. Mungu amrehemu mama." Makaburini nako kaburi lilikaa wazi, limetulia, na hakuna aliyejilaza ndani yake. Watu wakanong'ona kwamba Maganga amekuwa na adabu siku hizi. Mie nililia, wakadhani wote namlilia mama.

Mzee Abeid, ukisomewa haya, mkono wako niliuvunja mie. Maganga hakugusa nati. Nitakuja mwenyewe kulisema, ila nimeanza na gazeti ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nanyi mafundi wenzangu, bomba likitoka fupi litupeni, mchekwe, mkate jingine. Na wewe mwenye mtani, tukana upendavyo, lakini akikuuliza neno kwa sauti ya chini, mjibu kwa sauti ya chini. Kosa lako usimtwishe yeye. Mtu mwingine ukimsingizia atakasirika na kugombana nawe, na katika ugomvi ukweli utatoka. Mtani atakusubiri ucheke.

Nina ndugu wengi hapa Mtoni, na wateja, na sifa. Wote wananisalimia kwa heshima, na Maganga naye sasa ni mmoja wao.